Siku Zisizo na Mvua

Fundi saa aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, mshono wa tumboni ukiwa bado haujampa ruhusa ya kucheka wala kukohoa, hakukitazama kitanda alichotandikiwa. Alitazama uani, kwenye kipimamvua chake cha shaba kilichosimama peke yake mbali na kuta na miti. Mdomo wa chombo hicho uling'aa kama uliosuguliwa asubuhi ile. Akageuza uso haraka, kwa maana kukiona tu kulimuuma kuliko mshono.

Mtaani walimwita Milimita. Kila siku saa tatu asubuhi alimimina mvua ya jana katika gilasi nyembamba ya vipimo, akaisoma, akaiandika daftarini kwa niaba ya ofisi ya hali ya hewa. Waliotaka kufua walimuuliza kama kutanyesha. "Mimi napima iliyokwisha kunyesha," aliwajibu. "Ya kesho muulizeni mwenyewe."

Ofisi ilikuwa imemweleza kwamba mji haujulikani tabia yake mpaka mvua yake ipimwe miaka thelathini bila kukatika. Hapo ndipo unaweza kusema masika yake huanza lini, na vuli yake ni karimu au ni bahili. Masika ya thelathini yalikuwa yameshika kasi, na miezi iliyobaki ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ndipo utumbo wake ukajifunga, akabebwa hobelahobela. Alilazwa siku arobaini na moja. Mvua ilipopiga bati la wodi alijigeuza akiguna, na wagonjwa wenzake wakadhani ni kidonda.

Nyumbani alikuwa amebaki mama mkwe wake. Tangu mkewe afariki, wawili hao waliishi kwa heshima nyingi na maneno machache. Mama huyo hakujua kusoma, na fundi, Mungu amsamehe, alilihesabu hilo kuwa ni kutojua kitu. "Mama yako hata saa haijui," aliwahi kumwambia marehemu, tena kwa kicheko.

"Karibu nyumbani, baba," mama mkwe alisema. "Ukishapumzika, nina kitu chumbani kwangu. Ila usinicheke."

"Sitacheka, mama. Daktari kakataza."

Hakungoja kupumzika. Chumbani, kutoka mlangoni hadi dirishani, chupa za soda zilipangwa kwa mstari ukutani, kila moja imezibwa kwa plastiki na kukazwa kwa uzi. Nyingine zilikuwa na maji ya vidole viwili, nyingine zimejaa hadi shingoni. Mahali pawili, chupa tatu zilifungwa pamoja kwa kitambaa. Na katikati ya hizo zote zilisimama tupu kadhaa, nazo zimezibwa vilevile.

"Miaka yote nakuona dirishani," mama alisema. "Kumimina najua. Kusoma ndiko sijui. Nikaona nikuwekee mvua yenyewe, uje uisome mwenyewe."

"Na saa tatu uliijuaje?"

"Kengele ya shule hapo ng'ambo. Watoto wakitoka kucheza, na mimi natoka."

"Na hizi tupu?"

"Siku isiyo na mvua nayo ni siku, baba. Ningeiruka, ungepotea."

Fundi aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha mkwewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliwajua wasomi waliokuwa wakiacha nafasi wazi daftarini badala ya kuandika sifuri. Machozi yakamtoka, mshono ukamchoma, akayaacha yatoke.

"Mbona hukuniambia hospitalini, mama?"

"Niliogopa huenda nimekosea. Mgonjwa hapelekewi makosa." Akainama, akaitenga chupa yenye uzi mweusi. "Hii ina kasoro. Siku uliyopasuliwa nilikuwa pale mlangoni kwa daktari. Niliimimina saa saba. Kama haifai, basi."

"Inafaa. Nitaandika saa yake."

Mchana kutwa mama alileta chupa moja baada ya nyingine, fundi akasoma na kuandika. Zile tatu za kwanza zilizofungwa pamoja, mvua ya siku moja, zilitoa milimita sabini na nne. Mama alipoambiwa akatikisa kichwa kwa fahari, kama aliyeinyesha yeye.

Ikabaki safu ya mwisho ya daftari: Mpimaji. Miaka yote hapo palikuwa na jina la fundi. Kalamu ikasimama hewani. Alimwita mama tangu siku ya posa, wajukuu walimwita bibi, majirani walimwita mama wa kwa Milimita. Jina lake hakulijua.

"Mama, niwie radhi. Jina lako hasa ni nani?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya! Miaka ishirini na sita, kumbe nalisha mgeni!"

Kisha akalitaja, polepole, kwa sauti ya mtu ambaye hajaitwa hivyo siku nyingi. Fundi akaliandika mara arobaini na moja, kila mstari kwa herufi zilezile nzuri, hakufupisha hata moja. Wino ulipokauka mama akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Ndiye mimi huyu?"

"Ndiye wewe."

Kidole kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama penye sifuri.

"Hata hapa? Kwenye chupa tupu?"

"Hapo hasa, mama," alisema fundi. "Hapo hasa."