Ngege wa Matanga

Tefiro alifariki asubuhi ya Jumanne, mguu mmoja ukiwa bado ndani ya buti la bwawani. Alikuwa ametoka kulisha samaki, akaketi kwenye kizingiti cha jikoni kuvua mabuti, na mkewe Vasta alipotoka na chai alimkuta ameegemea ukuta kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hiyo ilikuwa 2018, Mahango, milimani juu ya mji wa Kasese.

Msiba una midomo mingi. Watu walipanda mlima kutoka kila upande, na kila mmoja alileta alichokuwa nacho: huyu mkungu wa ndizi, yule kuni, mwingine unga wa muhogo. Hanifah, mchuuzi wa Bwera aliyekuwa akinunua samaki aina ya ngege kwa Tefiro tangu bwawa lichimbwe, alishuka kwenye bodaboda na gunia linalochuruzika maji. Ndani mlikuwa na wavu wake.

"Mama Bright, pole sana," alimwambia Vasta. "Mimi sina ndizi. Lakini watu hawawezi kula majani matupu kwa matanga ya mutu wa samaki."

Musoki, mdogo wake marehemu, aliingia majini na wanaume wengine, wakaukokota wavu huku na huku. Waombolezaji walikula ngege, wakamsifu marehemu kwa vidole vyenye mafuta.

Kaburi lilikuwa halijapata hata nyufa samaki walipoanza kuelea. Macho yalikuwa yamevimba na kufunga ukungu, ngozi imepiga weusi. Vasta aliwaokota kwa ungo, na kila asubuhi ungo ulizidi kuwa mzito. Bwawa lile Tefiro alilichimba kwa mikono yake, udongo akiubeba kichwani. Lilipokuwa likifa, Vasta aliona kama mumewe anakufa mara ya pili, safari hii polepole.

Sasa nani alitaka bwawa life? Hakuhitaji kutafuta mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Kiangazi kilichopita Musoki aligombana na kaka yake juu ya mfereji: mmoja alitaka maji yaende kwenye miche ya kahawa, mwingine yaende bwawani. Na alfajiri moja, kabla hajaokota samaki wa kwanza, Vasta alimwona kwa macho yake, amechuchumaa ukingoni na gunia. Musoki aligeuza shingo huku na kule kama nguchiro, akalitupia gunia begani, akaondoka.

Siku ya pili Vasta alipita katika shamba la kahawa la Musoki, akakuta udongo mbichi chini ya miti. Aliuchokonoa kwa kijiti. Harufu ya samaki ikamjibu.

"Mwenye kuua ndiye anayeficha maiti," alimwambia wifi yake Medius walipokuwa wakimenya ndizi.

Medius aliacha kisu. "Unasema sumu?"

"Mimi sijasema sumu."

"Mdomo haujasema. Uso umesema."

Kufika jioni neno lilikuwa limevuka kilima. Milimani kule neno hilo likitoka halirudi. Mtu akiitwa mtia sumu, watoto huitwa ndani akipita, na wengine wamewahi kuchomewa nyumba. Wazee wa ukoo wakaitisha kikao Jumapili baada ya ibada. Vasta angesimama na kusema aliyoyaona, na kama wangemwamini, Musoki angefukuzwa katika ardhi ya baba yake.

Kabla ya siku hiyo Vasta alishuka Bwera kumwomba Hanifah awe shahidi, kwa kuwa naye alimwona Musoki akiingia bwawani. Alimkuta nyuma ya nyumba, akimwaga majivu katika shimo la bwawa lake mwenyewe. Halikuwa na maji, ila dimbwi dogo pembeni.

"Samaki wako wapi?"

"Ngege balikufa bote." Hanifah hakuinua macho. "Macho inavimba, ngozi inakuwa nyeusi. Bwana samaki alikuja, akasema inafanana na ugonjwa wa virusi. Dawa hakuna. Akauliza kama niliazima mutu wavu."

"Walianza kufa lini?"

"Mama Bright, keti kwanza."

"Lini, Hanifah?"

"Mbele ya matanga. Wachache tu. Nilisema ni joto. Ningekuja kwako mikono mitupu?"

"Kumbe ulijua."

"Nilijua samaki inakufa. Sikujua kama kifo inaweza kupanda bodaboda."

Vasta alimtazama sana, asijue kama machozi yaliyokuwa yakimtoka Hanifah yalikuwa ya huruma au ya woga. Kisha kitu kikajipindua katika lile dimbwi.

"Na huyo?"

"Kambale. Hao beko wazima. Wanakula tu."

Hata katika bwawa la Vasta kambale walikuwa wazima. Kila asubuhi walipanda juu kugombea pumba katikati ya mizoga ya ngege, na vyura walilia kando. Alikuwa akiwaona, asijiulize ni sumu gani hiyo inayochagua.

Aliporudi Mahango hakupitia nyumbani. Alimkuta Musoki uani akichambua kahawa.

"Shemeji, kwa nini uliwazika samaki?"

"Kwa hiyo ulikwenda kuchimba." Musoki aliendelea kuchambua. "Ulikuwa hujanyoa hata nywele za msiba. Nikaona samaki wa kaka wamekufa, nikasema huyu mama asiamkie maiti nyingine. Nilidhani ni wale tu."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniuliza."

Jumapili Vasta alisimama mbele ya ukoo, akaeleza yote: wavu, ugonjwa, bwawa la Hanifah, samaki waliozikwa kwa huruma. Alisema kosa lilikuwa la ulimi wake. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mkubwa wao akasema, "Tumesikia. Limekwisha."

Kisha uji wa mtama ukaletwa, na Musoki, kama mwanamume wa nyumba hiyo aliyebaki, akaupitisha. Vikombe vilipokewa kwa asante nyingi. Vasta alikunywa chake mpaka chini, akaomba kingine kwa sauti ya kusikika. Wengine walikuwa wameshiba ghafla. Medius, aliyeketi ubavuni pake, alisukuma kikombe chake kwa kisigino chini ya benchi, kikiwa kimejaa.

Musoki aliliona hilo. Aliokota vikombe kimoja kimoja, akamwaga uji mgombani.

Bwawa lilikaushwa na kutiwa chokaa. Majibu ya samaki waliopelekwa kupimwa hayajafika Mahango. Musoki anaishi Kahendero sasa, kando ya Ziwa George. Kila Krismasi huja kupalilia kaburi la kaka yake, halafu hurudi siku hiyohiyo.