Kanga Begani mwa Biasha

Mjukuu wangu Biasha alisoma fidla kwa simu miaka mitatu, hapa hapa Mchinga. Mwalimu wake, Madamu Getrude, yuko Dar. Walikuwa wameonana ana kwa ana mara mbili tu. Hata siku ya mtihani wa diploma ya upigaji ilipofika, hakwenda popote. Alitakiwa ajirekodi akipiga nyimbo tatu mfululizo, bila kukata, atume kabla ya saa kumi na mbili jioni. Akifaulu, shule moja ya Lindi ilishasema itamchukua afundishe muziki.

Alirekodi katika chumba cha magunia ya korosho. Alisema magunia yanameza mwangwi. Mimi nikakaa kwenye kigoda nyuma ya simu, kazi yangu kuangalia mtu asije akapiga hodi.

"Bibi, usikohoe."

"Nimekohoa lini mimi?"

"Kila siku, mke mwenzangu."

Wimbo wa tatu una mahali pabaya. Vidole vinapanda juu karibu na kidevu, halafu vinashuka mbio, na hapo ndipo Biasha hukwama. Jina la wimbo silijui, ila mahali pale napajua kama jiwe la njia ya kisimani. Miezi minne nilipasikia nikichambua mboga. Saa tisa akapafikia. Vidole vikapanda. Vikashuka. Hakukwama.

Sikumbuki kuinuka. Nilijikuta nimeshavua kanga yangu ya juu, nimemtandazia begani, na kigelegele kimeshatoka. Kwetu mtu akipiga vizuri unamtunza palepale, humsubiri amalize. Ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote, ngomani na harusini.

Biasha hakusimama. Alipiga mpaka mwisho, kanga ikining'inia, akazima simu, ndipo akaniangalia.

"Bibi! Umeingia kwenye mtihani wangu!"

"Nisamehe, mama. Mwili umeinuka wenyewe."

"Na kigelegele nacho kimetoka chenyewe?"

Nikajifunga mdomo kwa kitambaa changu cha kichwa, akarekodi upya. Mahali pale akakwama. Akarudia, akakwama tena. Saa kumi na moja ilishafika. Nilitamani nijifiche ndani ya gunia.

Akampigia mwalimu, akamweleza yote. Nikamsikia yule mama akicheka.

"Masharti yanakataza kukata. Msikilizaji je, wamemkataza?"

Biasha akayasoma masharti yote, mstari kwa mstari. "Hapana, Madamu."

"Basi tuma ile ya kwanza. Hiyo ni diploma ya kupiga mbele ya watu. Wenzako wanapigia ukuta, wewe umepata mtu."

Ikatumwa ikiwa imebaki robo saa.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Biasha alinisomea mlangoni, sauti ikipanda: amefaulu. Chini msahihishaji ameandika kwamba mtahiniwa hakupoteza mapigo hata msikilizaji alipomfikia, tena anauliza lile vazi lina maana gani.

"Nimjibu nini, Bibi?"

"Mwambie ni tuzo. Na hiyo nusu ya doti yangu irudi, Jumamosi nina harusi."

"Tuzo hairudishwi," akasema. Akajifunga ile kanga kiunoni, akachukua fidla, nami nikavuta kigoda changu karibu.