Moyo wa Asukile Waenda Kazini

Asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa sita, mwaka 1954, Asukile aliwasha sigara mlangoni pa ghala la tumbaku, Iringa mjini. Moyo wake ukashuka kifuani, ukapita chini ya fulana, ukaenda kukaa juu ya robota la tumbaku, upande ule upepo unakotokea. Ukakohoa mara mbili. Asukile akaivuta sigara mpaka ikamuunguza vidole, kisha akajitwisha mzigo.

Hakuna mpagazi aliyemshinda nguvu. Alibeba marobota mawili pale wenzake walipobeba moja wakinung'unika. Mabega yake yalikuwa ya kutisha, na shingo haikuonekana. Watu walidhani moyo wake nao ni wa namna hiyo, kumbe ulikuwa umesinyaa kama kitumbua cha juzi.

Kila Jumamosi ghala lilitoa posho: unga, maharage, chumvi, na badala ya sukari, pakiti mbili za sigara. Chakula cha mchana hakikuwapo, na sigara ilituliza tumbo mpaka jioni. Zubery, nyampara wa ghala, aliuita huo wema wa tajiri. Wema gani, Mungu ndiye ajuaye.

Jioni moyo ulimfuata Asukile kwa miguu hadi nyumbani, Kihesa. Lea, mkewe, mwenye mimba ya miezi minne, aliuwekea kigoda.

"Mbona unamwacha mwenzio?" aliuliza.

"Shemeji, mule ndani hamna hewa. Aache sigara, nitarudi."

"Nikiacha, mchana nitakula nini?" Asukile aliuliza.

Kesho yake walikwenda kwa Filemoni, dresa aliyetibu wagonjwa zahanati. Akaweka sikio kifuani pa Asukile, akasikia kimya.

"Hivi ulivyo utafika mavuno ya mahindi ya mwakani," alisema. "Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi. Lakini moyo nao ni nyama. Ubebeshwe vitu vizito, utakomaa."

Lea alilia njia nzima. Alimpenda mumewe, na hakutaka kulea mtoto peke yake.

Basi moyo ukaanza mazoezi nyuma ya nyumba. Ulianza na kokoto, ukaja nusu tofali, ukaja tofali zima. Kufika mwezi wa nane, moyo ulikuwa unanyanyua jiwe la kusagia mara ishirini kabla ya uji, na jirani mmoja aliomba umsaidie kuhamisha kinu. Ulinenepa, ukawa mwekundu, ukapata hata kitu kama mabega.

"Nikiweza robota moja," uliahidi, "nitajua moshi wake nauweza. Nitarudi ndani."

Jumatatu moyo ulikwenda ghalani, ukabeba robota moja, ukalishusha taratibu. Lea alikuwa getini, akapiga vigelegele.

Zubery alikuja na kalamu.

"Hapa habebi mtu bila kipande."

"Bwana Nyampara, nilikuwa najaribu tu."

"Umebeba, hujabeba?"

"Nimebeba."

Akauandikia kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi. Jina: Moyo. Baba: Asukile. Kabila: Mnyakyusa. Siku za kutimiza: thelathini.

Moyo ulibeba wiki nzima bila chakula cha mchana. Jumamosi ulisimama kwenye mstari wa posho, nyuma ya Asukile. Lea alikuja na kopo, akitumaini kwamba mfanyakazi mgeni angepewa sukari. Moyo ukapokea unga, maharage, chumvi na pakiti mbili za sigara.

"Bwana Zubery, huu ni moyo," Lea alisema. "Ulimkimbia mume wangu kwa sababu ya sigara hizi hizi!"

"Mama, posho ni posho. Sina posho ya mioyo."

Moyo ulikaa juu ya robota. Njaa ilikuwa inauuma. Ukamwomba Asukile kiberiti.

Jioni ile ulirudi kifuani bila kubembelezwa, kwa kuwa nje na ndani sasa palinuka namna moja. Lea alilaza sikio pale akasikia kikohozi, kisha akainuka kukoroga uji usio na sukari.

Jumatatu Zubery aliita majina.

"Moyo yuko wapi?"

"Yumo humu ndani," Asukile alisema, akijigusa kifua.

"Kipande chake kimebakiza siku ishirini na nne," Zubery alisema. "Utabeba na fungu lake."

Asukile akawasha sigara, akajitwisha marobota matatu.