Kamati ya Ziwa la Mwalimu

Mimi kamati siipendi. Ukiniambia tuunde kamati ya kuchimba choo, nitachukua jembe nichimbe peke yangu, na mgongo ukiuma, uume. Pale soko la Ruiru, ninapouza mitumba, wananiita Idah mkali. Huwa siwajibu kwa sababu ni kweli. Lakini huo ukali sikuzaliwa nao wote. Mwingine nilipewa na kamati.

Ndugu yangu Gachau alikuwa mwalimu wa jiografia huko Thika. Alipenda sana somo la milima. Alikuwa anachora Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ubaoni, na kule juu, mahali barafu ya zamani ilichimba mawe, anachora ziwa kwa chaki ya buluu aliyoificha mfukoni ili walimu wengine wasiimalize. Siku moja kijana mnene wa nyuma, jina lake Kagwe, akainua mkono. "Mwalimu, wewe umeliona?" Gachau akajibu, "Nimelisoma." Darasa zima likacheka. Alinisimulia hayo mwenyewe na yeye akicheka, lakini nilijua yamemwingia. Mlima wenyewe aliuona kama sisi sote tunavyouona kutoka Thika asubuhi isiyo na mawingu, kwa mbali, halafu unajifunika.

Mwaka wa tisini na saba ugonjwa wa sukari ukamshika macho. Daktari hakumficha. Alimwambia, "Mwalimu, kama kuna kitu unataka kuona, kione mwaka huu." Siku hiyo alikuja kwangu Gitothua, akaketi jikoni, chai ikapoa mkononi mwake. Nilidhani atalia. Akasema, "Idah, nataka kuona lile ziwa."

Basi, ni hilo tu. Hakuomba Mombasa, hakuomba ng'ombe. Ziwa moja.

Na halikuwa jambo gumu! Jirani yake, Uthman wa Majengo, alikuwa na Landrova kuukuu ya kubebea mawe. Uthman alishawahi kupeleka Wazungu kule juu, upande wa Chogoria. "Mwalimu, kuna ziwa linaitwa Ellis," akasema. "Gari inafika karibu kabisa, halafu mnatembea polepole. Miguu si iko sawa? Twende Jumamosi." Mimi nilikuwa tayari nimetoa makoti mawili mazito kwenye bale yangu ya mitumba, lake na langu, na soksi za sufu. Nilianza hata kufikiria ni chapati ngapi zitatosha.

Lakini Gachau ni mtu wa heshima, na heshima ina mashimo yake. Akapita kwa Kagwe kumwambia. Kagwe wa kuuliza maswali sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Thika, simiti imepangwa mpaka kwenye dari, na tumbo la kutosha watu wawili. Akamkumbatia mwalimu wake. "Uende mlimani kama mtu hana watu? Na sisi wanafunzi wako tuko wapi? Hapana, Mwalimu. Hii kitu tutafanya vizuri. Tutaunda kamati."

Gachau alirudi akipangusa macho kwa furaha. "Wamenikumbuka, Idah," akasema. Makoti nikayakunja.

Kamati ikakutana nyuma ya duka la Kagwe, watu wamekalia magunia ya simiti. Kagwe akachaguliwa mwenyekiti, kwa sababu magunia yalikuwa yake. Kukawa na katibu, mweka hazina, makamu wa kila mmoja, na mtu wa maombi. Mimi nikapewa kazi ya chai. Mkutano wa kwanza walisalimiana. Wa pili walisoma yale yaliyosemwa wa kwanza. Wa tatu ukaisha kwa ubishi wa rangi ya tishati, kama ziwe za kijani au za buluu. Ngai! Mtu anapofuka, ninyi mnachagua rangi!

Nikasimama na birika mkononi. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikawaambia. "Uthman yuko tayari hata kesho."

"Haraka haraka haina baraka, Mama Macharia," Kagwe akanijibu, na wenzake wakampigia makofi. Niliona aibu kama niliyetukana kanisani. Gachau alikuwa ameketi karibu na mlango, anatabasamu kuelekea upande wa sauti. Tukiwa njiani kwenda nyumbani aliniomba nisiwe namjibu Kagwe mbele za watu. "Ni watoto wangu hao," akasema. "Wanahangaika kwa ajili yangu."

Agosti ikafika, shule zimefungwa, kule mlimani ni kukavu, Uthman anasema wakati ni huu. Gachau bado alikuwa anasoma gazeti, ila kwa kuligusisha pua. Nikasema, ahaa, Mungu yupo. Ndipo mwenyekiti akatangaza kwamba viongozi watatangulia kwanza kukagua njia.

"Mkague njia gani?" nikauliza. "Si Uthman anaijua?"

"Mwalimu hawezi kupita njia haijakaguliwa na kamati. Akianguka huko, tutamwambia nini Mungu?"

"Basi mwende naye! Akague na ninyi!"

"Mama Macharia, gari imejaa."

Ilijaa kweli. Asubuhi ya kuondoka nilienda kuishuhudia kwa macho yangu. Viongozi walikuwa ndani na tishati zao za buluu, zimeandikwa kifuani SAFARI YA MWALIMU GACHAU. Nyuma kulikuwa na jiko la makaa, mbuzi aliyechinjwa, na kreti za soda zimekaa vizuri mahali mtu angekaa. Uthman hakunitazama. Gachau alikuja na fimbo yake kuwaaga, amevaa lile koti nililomtolea, zipu imefungwa mpaka shingoni. Sijui alidhani nini. Labda alidhani watasema, panda, Mwalimu. Kagwe akamshika mkono kupitia dirishani, akamwambia, "Disemba, Mwalimu. Disemba ni wewe." Landrova ikaondoka. Gachau akaipungia mpaka nikamshusha mkono mimi mwenyewe, kwa sababu ilikuwa imeshapinda kona na yeye hakuiona ikipinda.

Nililia siku hiyo kwa hasira. Nilimwendea Uthman waliporudi, nikamuuliza kama ana roho. Akaniambia, "Waliniambia Mwalimu ndiye amewatuma. Nilipomwona na koti ndio nikajua." Akaahidi atatupeleka wiki inayofuata, sisi wawili tu, bure. Gachau akakataa. Eti kamati imepanga Disemba, na hawezi kuwavunja moyo watoto baada ya kazi yote ile. Haki, kuna upole mwingine unastahili kofi.

Disemba hakukuwa na kiangazi. Ilikuwa ile mvua ya Elinino, ikabeba madaraja, ikabeba barabara, watu wa mtaa wa Kiandutu wakalala juu ya meza maji yakipita chini. Januari mvua. Februari mvua. Kamati haikukutana hata mara moja, na wala sikuilaumu kwa mvua. Lakini mvua ilipoisha, Gachau alikuwa anajua tu kama taa imewashwa au imezimwa. Baadaye hata hilo likaisha. Koti lilibaki limening'inia nyuma ya mlango wake.

Jumapili moja baada ya hapo kamati ikaja nyumbani kwa Gachau, wote, na tishati zao. Nikapika kuku, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mtu wa maombi akaomba. Kagwe akasimama na kitu kimefungwa kwa karatasi ya maua.

"Mwalimu," akasema, "zamani nilikuuliza kama umeliona ziwa, ukaniambia umelisoma. Leo mimi nasimama hapa kukwambia nimeliona. Nimeliona kwa niaba yako."

Makofi. Akamwekea mikononi. Ilikuwa picha kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu. Ndugu zangu, walimletea kipofu picha! Na hakuna hata mmoja aliyecheka wala aliyeona haya. Gachau akapapasa kioo taratibu kwa vidole. Alikuwa ameishika juu chini. Nikaigeuza.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana, watoto wangu." Wakaketi, sahani zikaanza kupita. Kagwe akachukua kiti kilicho mbele yake kabisa, goti kwa goti, kama mgeni rasmi.

Gachau akainua uso. "Idah, uko wapi? Njoo unielezee. Maji yake ni rangi gani?"

Nikaitazama ile picha. Katikati alikuwa Kagwe, kutoka pembe hii hadi pembe ile, miwani ya jua usoni, mikono ameitanua, tishati imembana tumboni mpaka jina la ndugu yangu limevutika. Juu ya bega lake la kushoto kulikuwa na kipande cha maji, chembamba kama ukucha. Gachau alikuwa anasubiri, uso mzima umesikiliza. Ningeweza kudanganya. Maneno ya kudanganya nilikuwa nayo, nauza nguo kila siku. Lakini niliikumbuka ile chaki ya buluu aliyoificha mfukoni, nikakataa.

"Namuona Kagwe," nikasema.

"Eeh. Na ziwa?"

"Ziwa liko nyuma yake."

Watu wakaacha kutafuna. Vidole vya Gachau bado vilikuwa kwenye kioo. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya darasani, ya upole, isiyogombeza mtu:

"Basi mwambieni asogee kidogo."

Na Kagwe, pale alipokuwa ameketi na sahani yake ya kuku, akasogeza kiti.