Ndege Wanaolala Barani

Kadii alikuwa akipoza uji wa mwanawe, akiumimina kutoka kikombe hiki hadi kile, alipoona kwamba ndege hawapo ukutani. Kilichobaki ni lile doa la mvua alilowachora kulifunika, la rangi ya chai. Alimaliza kupoza uji. Mbeyu, mtoto wa miaka minne, akaunywa huku akiutazama ukuta.

"Wameenda kazini," akasema.

Walikuwa keremkerem, wekundu, mikia yao myembamba kama sindano. Kadii aliwachora kwa mabaki ya rangi ya vibao vya maduka, Mbeyu akiwa amelala mchana. Saa nyingine zote alikuwa mtu wa kadi za harusi, menyu za mikahawa na mabango ya Malindi nzima, akizichora kwenye laptopu iliyokalia pipa la unga. Ukuta ulikuwa wake mwenyewe. Ulipomkalia vizuri aliupiga picha, akawafuatisha ndege mmoja mmoja kwenye laptopu, wakawa nembo iliyokosa mteja tu.

Mteja aliletwa na Mzee Kiponda, jirani wa zamani wa mamake Kadii kijijini Kakuyuni, ambaye sasa anashughulikia manunuzi katika hoteli moja ya ufukweni. Wateja wengine Kadii huwatumia sampuli iliyopigwa jina lake katikati kwa herufi kubwa, wasije wakaichukua hivi hivi. Lakini Mzee Kiponda ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, siku walipomzika babake. Mtu kama huyo unamwamkia, unampikia chai, unampa mchoro safi. Kumpigia jina katikati ni kumwita mwizi mbele ya mamako. Kadii akautuma bila jina.

Baadaye akajibiwa kwamba wakubwa hawakuupenda.

Uji ulipokwisha, Kadii, aliyekuwa ameutuma mchoro mahali pamoja tu, alipanda tuktuk na mwanawe hadi hotelini. Ndege walikuwa juu ya lango, kwenye kibao kipya, wamejipanga vile vile, hata yule mwenye jicho lililopanda juu kwa sababu siku hiyo Mbeyu aliamka mapema akamsukuma mama mkono. Chini pembeni paliandikwa jina la kampuni ya michoro ya Nairobi. Askari wa lango akamwambia asisimamishe mtoto juani.

Jioni, Kadii akiwa amekalia mbuzi akikuna nazi, ndege waliingia kwa dirisha la jikoni. Walitua ukutani, kila mmoja mahali pake, wakalifunika doa, wakalala. Walikuwa na vumbi na walinukia mafuta ya watalii. Alfajiri wakaondoka. Ikawa ndiyo desturi yao.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Swabra, jirani wa mlango wa pili hapo mtaani Barani.

"Mwenzangu, hao ndege wako wanadondosha rangi. Kanzu ya Ijumaa ya mume wangu Haroun yote madoadoa, na sabuni haiyatoi."

"Nisamehe, dada. Ile nyekundu ni ya mafuta."

"Wenzio wafuga kuku, mtu akapata hata yai. Wewe wafuga rangi!" Akacheka, akampa Mbeyu hamri la moto ale.

Wa pili alikuwa Mzee Kiponda. Alifika ndege wakiwa wameshalala, akakaa chini yao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Akanywa chai, akainua macho ukutani. "Wakubwa wanisumbua. Jioni ndipo wageni wanapofika, na kibao ki kitupu. Kwa nini hawa wanatoroka?"

"Hawatoroki, baba. Wanarudi kwao."

"Basi funga dirisha."

"Nilifunga. Mmoja akajigonga." Mbeyu akamwonyesha yule ndege; mdomo ulikuwa umebanduka, nyuma yake doa likachungulia. "Baba, huu mchoro ni wangu."

"Nani kakataa? Sote twajua ni wako." Mzee Kiponda aliweka kikombe chini taratibu. "Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa wale wa Nairobi."

"Basi waandike jina langu pale kwenye kibao."

"Kibao kimeshatoka, Kadii. Hilo jina likae wapi sasa?" Akamwombea heri, akamtumia mama salamu, akaenda zake.

Kadii alichukua brashi nyembamba na kikopo cha rangi nyeupe. Ndege wakiwa usingizini, aliinua bawa la kila mmoja na kuandika chini yake: KADII. Walifurukuta kidogo, maana brashi inatekenya. Alfajiri wakaondoka na jina. Kadii akashinda kutwa akiosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jioni walirudi wakinuka thina, ile dawa ya kufutia rangi. Mabawa yalikuwa yamesuguliwa hadi yakapauka, na jina halipo. Kadii akawapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Walipokauka akaandika tena.

Hoteli nayo haikuhangaika sana. Iliweka tangazo langoni kwamba jioni ndege huenda kupumzika, na wageni wakaanza kutoka na bilauri zao kuwatazama wakiruka. Ni kivutio, na wanaouliza huambiwa ni kazi ya watu wa Nairobi. Asubuhi fundi hupanda ngazi na chupa yake ya thina. Mzee Kiponda akipita Barani huamkiwa kama kawaida, na huuliza kama mama hajambo.

Mbeyu ndiye humshikia mama kikopo. Kwa kutazama tu alijua herufi, na kabla hajapelekwa shule aliweza kuandika jina la mama yake lote bila kukosea. Alidhani ni neno la jioni, ambalo mtu huliandika ili mchana lifutwe.