Wakazi wa Majani Bahari

Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, mfagizi alikuwa akipiga deki ngazi za ofisi ya vipimo vya pwani alipolazimika kusogea ili kaa wapite. Walipanda kimbavu, kama kawaida yao. Nyuma yao walifuata konokono, kamba, shongo wenye miiba, na jongoo bahari mmoja mnene aliyepumzika kila kidato. Minyoo ya matope ilikuja mwisho, kwa kuwa haina miguu.

"Kama mnaenda kwa mpimaji, mlango wa pili kushoto," alisema mfagizi. "Na wewe kaa, inua mguu nipitishe dekio. Huo mwingine. Na huo. Haya, pita tu, tutakesha hapa."

Mpimaji alikuwa mezani, mbele ya ripoti aliyotakiwa kuitia sahihi kabla ya saa kumi jioni. Ilihusu uwanda wa majani bahari uliopangwa kuchimbwa ili meli kubwa zipate kina. Ukurasa wa tisa ulisema: Wanyama waishio sakafuni mwa bahari, hakuna. Sheria ilikuwa wazi, penye wanyama hapachimbwi.

Neno hilo lilimkera. Matope ya uwanda ule aliyateka mwenyewe, ndoo thelathini. Lakini chekeche la maabara lilikuwa limepasuka, na mkuu wa ofisi akaazima jingine kwa fundi mwashi, la kuchekechea kokoto. Kidole gumba kilipita tunduni bila kugusa ukingo. Wanyama nao walipita, na mkuu akaandika kilichobaki juu.

Kaa mkubwa kuliko wenzake alipanda mezani.

"Dada, ni wewe unayetaka kutuandika kuwa hatupo?"

"Ni chekeche," alisema mpimaji.

"Chekeche halitii sahihi."

Hilo lilikuwa kweli. Mpimaji alitoa karatasi mpya akaanza kuwahesabu, kwa aina na kwa ukubwa. Walipanga foleni vizuri, isipokuwa kamba, ambao hawatulii na ilibidi wahesabiwe mara mbili. Konokono wanane walitaka waandikwe kama mtu mmoja kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja, akawakatalia. Jongoo bahari alipoulizwa kazi yake, alijibu kwamba anameza mchanga mchafu na kuutoa safi.

"Mwenzangu huyo," alisema mfagizi kutoka mlangoni.

Saa tisa na nusu hesabu ilikamilika: wanyama elfu moja mia moja arobaini na watatu. Mpimaji aliipeleka kwa mkuu.

Mkuu alikuwa mtu makini. Alisoma kila mstari, akatoka kwenye korido, akamruka shongo mmoja, akahakikisha kwa macho yake.

"Hesabu safi kabisa, binti yangu. Wote wamekuja?"

"Wote, mzee. Hakuna aliyebaki kule."

"Basi kule hakuna mnyama," alisema mkuu. "Ukurasa wa tisa uko sahihi."

Kaa mkubwa, aliyekuwa juu ya kabati la mafaili, alifungua gando lake akalifunga. Kisha wote waligeuka kuelekea ngazi, wawahi kurudi uwandani kabla ya sahihi, kila mmoja kwa mwendo wake. Saa kumi ilipofika, kaa wa mbele walikuwa langoni. Jongoo bahari alikuwa ameshuka vidato vitatu.

Mpimaji alikataa kutia sahihi. Alisema hivyo mara mbili, bila kupandisha sauti. Mkuu alitia yake, na pembeni akaeleza kuwa mtaalamu ameshikwa na wageni.

Jumatano mashine ya kuchimba ilianza kazi, na uwanda ukawa shimo. Wanyama walihamia chumba cha mikutano. Maji ya chumvi yalijaa humo yenyewe hadi magotini, na majani bahari yakaota chini ya meza. Vikao vinaendelea kama kawaida, suruali zikiwa zimekunjwa. Mfagizi ameondoa chumba hicho kwenye zamu yake, kwa kuwa jongoo bahari anatosha.

Kila asubuhi mpimaji huwahesabu na kupeleka karatasi kwa mkuu, naye huipokea kwa heshima na kuigonga muhuri wa wageni. Mwezi uliopita shongo mmoja alizaliwa humo humo, chini ya kiti cha mkuu. Mpimaji alimwandika siku hiyo hiyo: mkazi, mmoja.

Mkuu alivaa miwani, akalikata neno "mkazi" kwa rula, akagonga muhuri.