Jiwe Lisilotaka Kuanguka

Jiwe lilipanda, likafika juu, likatulia hapo kama mtu anayesubiri basi la Jumapili, kisha likaanza kushuka pole pole, bila haraka, bila aibu.

"Hilo si jiwe," alisema Darlène kutoka mlangoni. Alikuwa bado na sare ya kazini, ametoka kuwahudumia wazee wa watu tangu alfajiri, na kipande cha chapati mdomoni. "Hilo ni puto."

"Darlène, tafadhali."

"Puto ya birthday, chérie. Imebaki kamba tu."

Chebet alitamani kuitupa ile laptop dirishani. Kitu kimoja tu kilimzuia: ingeanguka vizuri kuliko chochote alichokuwa ametengeneza humo ndani, na hilo lingemuuma zaidi.

Mambo yalikuwa hivi. Chebet, binti wa Kapsabet, alikuwa mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja pale mjini Sydney, akisomea kutengeneza gemu za kompyuta. Yeye na Darlène, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, walikodi nyumba pamoja huko Mount Druitt. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa kulikuwa na maonyesho ya wanafunzi, na kampuni moja ya gemu ilikuwa inamtuma bosi wa wabunifu wake aje achague mwanafunzi mmoja. Mmoja! Kati ya thelathini na wanne! Huyo angepewa kazi ya mwaka mzima, kazi ya kweli ya kukaa kitini na kutengeneza gemu, na Chebet aliitaka hiyo kazi mpaka alikuwa anaiota kwa Kinandi.

Na gemu yake ilikuwa nzuri, jamani! Wenzake walikuwa na mazombi na wanaanga, yeye alikuwa na mdako. Ule mchezo wa wasichana: vijiwe kumi na viwili ndani ya kishimo, unarusha jiwe moja juu, na kabla halijarudi unazoa vijiwe kwa mkono uleule, halafu unalidaka. Ukilikosa, umekufa, mwenzako anaingia. Chebet alikuwa ametengeneza vumbi, kishimo, mikono, hadi mlio wa vijiwe vikigongana. Kilichobaki ni jambo moja dogo, ambalo hata mtoto mchanga anayeangusha kijiko analielewa: kitu kikiwa juu, kinaanguka.

Hapo ndipo palipokataa.

Kompyuta haijui kuanguka. Ndani ya gemu kitu ukikiacha hewani kinabaki hewani hadi siku ya kiyama, mpaka wewe uiambie mashine kwamba hapa kuna graviti, na ni kiasi gani. Mwanzo Chebet aliiwekea graviti ya dunia yetu hii, tisa nukta nane, ileile ya kitabu cha fizikia. Nusu sekunde kupanda, nusu sekunde kushuka, hesabu safi kabisa. Likawa puto. Akazidisha mara mbili, likawa risasi, mchezaji hapati hata nafasi ya kugusa kijiwe. Akajaribu ule ujanja wa darasani, kupanda kwa graviti nyepesi na kushuka kwa nzito, kama wanavyofanyiwa wale watu wa kwenye gemu wanaorukaruka. Jiwe likaonekana kama linavutwa na mtu aliyejificha chini ya kishimo. Basi akapandwa na hasira, akaweka mia nne nzima. Jiwe likapita ndani ya ardhi, likapotea.

"Liko wapi sasa?" aliuliza Darlène.

"Bado linaanguka."

"Linaanguka wapi na ardhi ni ile pale?"

"Limeipita. Hii mashine inaangalia jiwe kama mtu anayepepesa macho. Akipepesa mara moja, jiwe liko juu ya ardhi. Akipepesa tena, liko chini yake. Hakuna aliyeliona likigonga."

"Na litafika wapi?"

"Halifiki! Litaanguka mpaka nizime!"

Darlène alitafuna chapati yake akiwaza. "Maskini," alisema. "Afadhali puto."

Chebet akampigia Tevin, Mkenya mwenzake wa darasani, ambaye gemu yake ilikuwa ya wanaanga.

"Manze Chebet, wewe ndiyo unajitesa," alisema Tevin. "Mimi nilienda mwezini. Huko kila kitu inaelea na hakuna mtu anauliza maswali."

"Tevin, nisaidie kwa kweli."

"Si uwahamishe hao wasichana mwezini?"

Akamkatia simu. Akamwandikia mwalimu wao, Thuy, mama mmoja wa Cabramatta ambaye hajawahi kupandisha sauti maishani, na Thuy akajibu kwa mstari mmoja: Namba zako ziko sawa, kwa hiyo tatizo haliko kwenye namba. Asante sana, mwalimu! Kama si kwenye namba, liko wapi, kwenye chapati?

"Kesho sina shift," alisema Darlène. "Twende kwa bibi Liverpool. Wewe unauliza mashine kitu ambacho mashine haijawahi kucheza."

"Nilishaenda. Nina video ya saa nzima kwenye simu. Kila kitu nimekitoa humo."

"Basi utakula ndizi na maharage, utarudi."

Alhamisi asubuhi wakapanda treni, wakabadilisha Blacktown, wakafika Liverpool jua likiwa limeshachoma. Bibi Ninahazwe, nyanya yake Darlène, aliishi ghorofa ya chini, na nyuma kulikuwa na kiwanja kidogo ambacho alikuwa amekipanda lengalenga, ule mchicha wa kwao, mpaka kwenye uzio. Kambini, kwa miaka ile yote, hakuna msichana wala mama aliyewahi kumshinda mdako, na mpaka leo watu wa Burundi wakikutana kanisani bado kuna wanaomnunia.

"Mgeni wangu!" alisema bibi, akaingia ndani, akatoka na kiti. Kiti kimoja cha mbao, chenye mto, kilichotolewa chumbani maalumu. Akakiweka kivulini, akakipangusa kwa khanga. "Keti, mwanangu."

Chebet akaketi. Bibi akaketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele, Darlène kando yake. Ndivyo ilivyokuwa na safari ile ya kwanza, ndivyo inavyokuwa nyumbani kwa Mrundi yeyote aliyelelewa vizuri: mgeni haketi chini.

Bibi akarusha. Mkono wake ulikuwa na miaka sabini na mitatu lakini ulizoa vijiwe vitano kama kuku anayedonoa, ukageuka, ukadaka. Pa! Chebet alikuwa ameshika simu akirekodi, na alipoirudia ile video akahisi joto limempanda mpaka masikioni.

"Haiwezekani," alisema.

"Nini?" akauliza Darlène.

"Angalia! Angalia hapa!"

Kwenye simu, jiwe la kweli, la Liverpool, lililorushwa na bibi wa kweli, lilipanda likatulia, likashuka. Puto. Puto tupu!

"Bibi, hata graviti yako imeharibika!" Chebet alikuwa anakaribia kulia. "Kesho ndiyo siku, na hata jiwe la Mungu mwenyewe linaelea!"

"Anasema nini huyu?" bibi akamuuliza mjukuu wake.

"Anasema jiwe lako ni puto."

"Puto?" Bibi akachukua ile simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Hakuangalia jiwe hata kidogo. "Na mimi niko wapi? Naona kitambaa cha kichwa tu. Mwezi mzima umetembea na picha ya kisogo changu?"

"Bibi, nilikuwa nimekaa hapa juu, wewe uko huko chini, ningefanyaje?"

"Nimekuvalia na hereni, hazionekani!"

Darlène alikuwa anacheka mpaka amejilaza kwenye mkeka. Chebet yeye hakucheka. Alikuwa amechoka na mawe, na namba, na kila mtu mwenye maoni. Akateleza kutoka kwenye kile kiti, akajibwaga chini kama gunia.

"Ee! Mgeni haketi chini!" bibi akasema kwa mshtuko. "Darlène, mwinue mwenzako!"

"Bibi, mimi si mgeni tena. Mimi ni mtu aliyefeli. Rusha tu, nirekodi hereni zako, niende zangu nyumbani."

Hereni! Kwa hereni bibi alikubali. Akanyoosha shingo, akarusha.

Wee! Jiwe lilipita mbele ya pua ya Chebet likipanda, likapita nyusi, likapita paa la jirani, likasimama kidogo tu kwenye bluu ya mbingu, halafu likarudi, na liliporudi Chebet aliurudisha mwili nyuma kabla hajaamua kuurudisha. Pa! Bibi amedaka.

"Tena," alisema Chebet.

Akarusha tena. Chebet akakwepa tena. Akaangalia kwenye simu, na humo pia jiwe lilikuwa jiwe.

Akapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Kumbe ni kile kiti! Ni heshima ya watu! Kwa sababu aliketishwa juu kama mgeni, alirekodi kutoka juu, na kwa sababu alirekodi kutoka juu, gemu nzima aliijenga ikitazama kutoka juu. Na ukiwa juu, jiwe halipandi, linakufuata wewe, kwa hiyo linavimba tu. Likishuka halishuki, linakukimbia, linanywea. Kitu kinachovimba na kunywea kinaitwa nini? Darlène, mtu wa kubadilisha mashuka ya wazee, alikuwa amemwambia ukweli tangu Jumatano.

"Sasa uketi kwenye kiti," alisema bibi.

"Bibi, siketi kwenye kiti hicho mpaka niolewe."

Usifikiri mambo yaliisha hapo. Kwenye treni ya kurudi alishusha kamera ya gemu hadi sentimita sabini na tano, macho ya msichana aliyeketi chini, akarudisha graviti ileile ya mwanzo, tisa nukta nane. Jiwe likaanguka kama jiwe. Lakini sasa mikono ilionekana imekatika viwikoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona kutoka pembe hiyo, na kishimo kilificha nusu ya vijiwe, na mbingu haikuwepo kabisa, maana anayetazama chini haitengenezi mbingu. Akarekebisha mkono wa kulia. Wa kushoto akaufuta. Mbingu akaipaka rangi moja, akaomba msamaha.

Na lilikuwa limezuka jambo jipya: mchezaji hawezi kuona jiwe na vijiwe kwa wakati mmoja. Akitazama juu, mkono unapapasa gizani. Akitazama chini, hajui jiwe limefika wapi. Chebet alitaka kulirekebisha hilo pia, halafu akakumbuka macho ya bibi, ambayo hayakuwahi kushuka kwenye kishimo hata mara moja. Akaliacha lilivyo.

Ijumaa, ukumbi ulikuwa umejaa. Bosi wa ile kampuni alikuwa mama wa nywele fupi za mvi aliyevaa raba, na alipita meza kwa meza kwa haraka ya mtu anayetafuta choo. Dakika mbili kwa zombi. Dakika tatu kwa wanaanga wa Tevin, akaitikia kwa kichwa, "Nice," akaondoka. Alifika kwa Chebet akiwa anasoma kitu kwenye simu yake.

"Unafanyaje hapa?" akauliza, bila kuinua macho.

"Unarusha, unazoa, unadaka."

Yule mama akakishika kile kipanya kwa mkono mmoja, simu bado kwenye mkono wa pili. Akarusha. Macho yake yakafuata jiwe juu, na liliporudi aliinua bega na kuinamisha kichwa, mbele ya watu wote, akikwepa jiwe lililokuwa ndani ya kioo. Simu ikamponyoka, ikagonga sakafu.

Hakuiokota.

"Rudisha mwanzo," alisema.

Akacheza mara ya pili, akafa. Ya tano, akafa. Ya tisa, akavuta kiti, akafa akiwa ameketi. Dakika kumi zikapita. Wanafunzi wa meza nne za mwisho walikuwa wamejipanga wakimwangalia Chebet kama yeye ndiye anayewachelewesha. Thuy alipita akigusa saa yake, kwa sauti ya chini akamwambia Chebet, "Mwondoe." Amwondoe vipi? Tevin akamnong'oneza sikioni, "Manze, umemteka mzungu." Na Chebet mwenyewe alikuwa anaungua ndani, kwa sababu yule mama hajasema neno! Si zuri, si baya, hata ile "Nice" ya Tevin hajapewa. Anakufa tu na kurudia, anakufa na kurudia.

"Samahani," Chebet alishindwa kuvumilia. "Naomba kujua kama—"

"Unatazama chini unakosa jiwe, unatazama juu unakosa vijiwe."

"Ndiyo. Nilitaka kurekebisha hilo, lakini—"

"Ukiligusa nitakufukuza."

"Utanifukuza wapi?"

"Kazini. Jumatatu, saa tatu asubuhi. Tuna gemu moja ya milima, mawe yetu yote yanaanguka kama mito ya kulalia, miaka miwili sasa." Macho yake hayakutoka kwenye mbingu ya rangi moja. "Utaanzia hapo."

"Kwa hiyo nimepata? Yaani ni mimi? Umenichagua mimi?"

"Nimesema saa tatu," alisema yule mama. "Sasa nyamaza, mwanangu, nina vijiwe vinne mkononi na jiwe linarudi."